Uzoefu wangu: kuonja mivinyo myekundu ya Bordeaux, Burgundy, Barolo na wenzao

Kipindi nilicholipia kilikuwa na chupa sita, zote nyekundu, zote za maeneo yenye jina: Burgundy, Bordeaux mbili na Côte-Rôtie za Ufaransa, Barolo ya Italia, na Rioja ya Hispania ya daraja la Gran Reserva. Mwelekezi alikuwa mmoja, washiriki wachache, na glasi zilitosha kila mtu kuweka mbili tatu mbele yake kwa wakati mmoja. Nampa maksi nane kwa kumi, na nyingi kati ya hizo amezipata kwa jinsi alivyopanga chupa zake.

Hakuanza na Bordeaux kama nilivyotarajia. Alimimina Burgundy na Barolo kwa pamoja bila kututajia ipi ni ipi, akatuambia tuinamishe glasi juu ya karatasi yenye maandishi. Zote mbili zilikuwa na wekundu hafifu, na herufi zilisomeka bila shida. Kwa macho tu ungeapa kwamba yote ni mivinyo mepesi. Ya kwanza, yaani Burgundy, ya zabibu ya Pinot Noir kutoka kijiji cha Volnay, ikapita ulimini kwa ulaini, ikaacha cheri na udongo wenye unyevu. Ya pili ikanikamata ufizi na mashavu kwa ukakasi, kama nimetafuna ganda la komamanga. Hiyo ndiyo Barolo. Zabibu yake, Nebbiolo, haitoi rangi nzito lakini imejaa tanini (kile kitu cha kwenye maganda na mbegu kinacholeta ukakasi), na tanini ikishikana na protini za mate, ule utelezi wa mdomoni hutoweka. Kuanzia hapo niliacha kabisa kuupima uzito wa mvinyo kwa rangi yake.

Lalamiko langu kubwa nalo liko hapohapo. Sheria za Italia zinataka Barolo ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya pipa, na hata baada ya hapo ikiwa changa bado huwa kali. Mwelekezi alilijua hilo, alilisema mwenyewe, lakini chupa aliifungua mbele yetu na kumimina papo hapo. Ingetakiwa kuhamishiwa kwenye jagi la kioo saa kadhaa mapema ili ipate hewa. Mimi niliiweka kando glasi yangu hadi mwisho wa kipindi, na kwa kweli ilikuwa imebadilika: mawaridi makavu yalikuwa yamejitokeza, na nyuma yake harufu ya lami ambayo wapenzi wa Barolo huizungumzia sana. Waliomaliza zao mapema waliondoka wakisema hawaipendi. Siwalaumu.

Kwenye Bordeaux alitulia vizuri zaidi. Ya kwanza ilitoka Pauillac, ya pili Pomerol. Pauillac iko ukingo wa kushoto wa mito ya Bordeaux, kwenye ardhi ya changarawe inayopitisha maji na kutunza joto, kwa hiyo zabibu ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, hupata nafasi ya kuiva. Pomerol iko upande wa kulia, penye udongo wa mfinyanzi wenye ubaridi, na huko zabibu ya Merlot ndiyo inayotawala. Ukizionja zikiwa zimekaa bega kwa bega huhitaji ramani. Pauillac ilisimama wima, ina matunda meusi na harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Pomerol ilikuwa nene na laini, yenye ladha ya zambarau zilizoiva. Chupa ya kwanza ya Pomerol, kwa njia, ilikuwa imeharibiwa na kizibo, inanuka karatasi ngumu iliyolowa. Badala ya kuificha aliizungusha tuinuse wote, kisha ndipo akafungua nyingine. Hilo pekee lilinifaa kuliko nusu ya maelezo yake kuhusu orodha ya 1855 inayopanga mashamba ya mvinyo ya Bordeaux kwa madaraja, ambayo aliirefusha mno. Inatosha kujua kwamba ilipangwa hasa kwa kufuata bei za wakati ule, kwamba tangu 1973, shamba la Mouton Rothschild la Pauillac lilipopandishwa daraja la kwanza, haijaguswa, na kwamba Pomerol haina orodha yoyote ya madaraja lakini bei zake hazijui hilo.

Côte-Rôtie ililetwa ikiwa na joto kupita kiasi. Chumba kilikuwa na joto, na mvinyo mwekundu wa aina hii hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ukizidi hapo, spiriti ndiyo inayotangulia puani. Tuliomba chupa itumbukizwe kwenye maji yenye barafu kwa muda mfupi. Iliporudi, pilipili manga ilikuwa wazi kabisa, na si maneno ya kupamba: zabibu yake, Syrah, huwa na rotandoni, kemikali ileile inayoipa pilipili manga harufu yake.

Rioja ndiyo ningeinunua. Gran Reserva hukaa miaka isiyopungua mitano kwa mzalishaji, miwili kati ya hiyo kwenye pipa, kwa hiyo kazi ya kusubiri unakuta umeshafanyiwa. Hii ilikuwa na vanila na chembe ya nazi za mwaloni wa Marekani, ngozi, tumbaku, na tanini zilizokwisha kulainika. Kwa asiye na subira wala mahali penye ubaridi pa kuhifadhi chupa, sioni sababu ya kuhangaika na Barolo changa.

Ndoo ya kutemea ilikuwa moja tu, mwisho wa meza, na wengi waliona haya kuifuata. Matokeo yake, kufikia chupa ya sita kila kitu kilikuwa kitamu. Ukienda, omba ndoo iwekwe karibu nawe, uliza kabla kama Barolo itafunguliwa mapema, na usikae jirani na mtu aliyejipulizia manukato.