Kubadili jina Kenya kwa mtu wa trans: huduma inafanya kazi mpaka inapofika kwenye mstari wa jinsia

Tunatathmini huduma moja tu hapa: kubadili jina kisheria nchini Kenya, ile deed poll ya mawakili, na jinsi inavyomfaa mtu mzima wa trans, yaani ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, na jina la kwenye kitambulisho halifanani naye. Tunaipa alama tatu kati ya tano. Mbili zilizopotea zimepotelea karibu mahali pamoja, na tutapafikia.

Tuanze na kilicho kizuri, kwa sababu watu wengi hawakijui. Njia hii haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa trans. Hutumiwa na mwanamke aliyeachika anayetaka kurudia jina la babake, kijana aliyesilimu, mzee aliyechoka na jina la ubatizo, na yule ambaye karani alikosea herufi moja ya jina lake tangu shuleni. Wote wanajaza hati ile ile. Haitakiwi barua ya daktari, wala hakuna anayeuliza mwili wako ukoje. Watetezi wa haki za watu wa trans hulaumiwa kwamba wanadai upendeleo, ilhali sehemu ya sheria inayowafaa zaidi ndiyo hii ambayo haimtofautishi mtu na mwenziwe.

Hatua zenyewe. Wakili anaandaa hati ya kubadili jina, nawe unaitia sahihi mbele yake. Huambatana na tamko la kiapo la mtu anayekufahamu vizuri, nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho na picha za pasipoti. Aliye kwenye ndoa atatakiwa pia karatasi zinazohusu mwenzi wake, kwa hiyo zungumzeni nyumbani kabla ya kwenda kwa wakili. Picha zipigwe jinsi unavyoonekana sasa. Ukipeleka za miaka mitano nyuma, umejitengenezea mzozo mwingine mbele ya dirisha la kitambulisho. Hati ikishakamilika inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa.

Kosa linalorudisha watu nyuma mara nyingi ni dogo sana: jina la zamani. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, cheti cha shule kimepunguza herufi. Hati ikitaja umbo moja tu, ofisi nyingine itakwambia huyu si wewe. Mwambie wakili aandike kila umbo la jina ulilowahi kutumia kwenye karatasi yoyote, herufi kwa herufi, baada ya maneno ya "aliyejulikana zamani kama". Mstari ukirefuka, na urefuke.

Tangazo la Gazeti nalo linastahili kusomwa polepole. Maneno yake ni ya zamani na mazito. Linasema kwamba mteja ameliacha na kulikana kabisa jina lake la zamani, na anaomba watu wote, wakati wote, wamwite kwa jina jipya pekee. Mtu wa trans aliyeomba jambo hilo hilo nyumbani kwao kwa miaka mingi hulipata hapa kwa muhuri wa serikali. Ila tangazo huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hulazimisha uchague kati ya mwanamume na mwanamke hata katika neno dogo kama "lake". Kiswahili hakina shida hiyo: jina lake ni jina lake. Omba uone rasimu kabla haijapelekwa, na umwombe wakili arudie "mteja wetu" badala ya kutumia kiwakilishi kitakachokuumiza. Inawezekana, na haigharimu chochote.

Onyo ambalo hatuwezi kulipunguza: Gazeti ni la umma, na nakala zake zimo kwenye intaneti. Yeyote mwenye jina lako la zamani anaweza kulipata jipya. Kama kuna jamaa au jirani aliyewahi kukutishia, pima jambo hili na wakili kabla ya kutia sahihi.

Baada ya Gazeti, mpangilio ni muhimu kuliko haraka. Kitambulisho kwanza, kwa sababu ofisi nyingine zote hukisoma hicho. Nenda na hati iliyosajiliwa, ukurasa wa Gazeti wenye nambari ya tangazo, kitambulisho cha zamani, na mara nyingi barua ya chifu. Nambari ya kitambulisho haibadiliki. Kisha KRA, mamlaka ya ushuru: PIN, yaani nambari yako ya mlipakodi, inabaki ile ile, kinachorekebishwa ni jina, na usijaribu kufungua PIN mpya. Kisha benki, bima ya afya, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Laini ya simu isiachwe mwisho, kama wengi wanavyofanya. Ukimtumia mama mboga shilingi 50 za sukuma wiki kwa M-Pesa, ujumbe unaingia kwenye simu yake na jina lako. Jina likiwa la zamani, anaitazama simu, kisha anakutazama wewe, na waliopanga foleni nyuma yako wanasubiri maelezo. Jambo hilo linaweza kutokea mara kadhaa kwa siku. Kubadilisha usajili wa laini, kwa mtu anayefanya biashara mtaani, kunaleta nafuu ya haraka kuliko pasipoti.

Sasa pale alama mbili zilipopotea. Hati ya kubadili jina haigusi jinsia. Unaweza kutoka na kitambulisho chenye jina la kike na chini yake mstari unaosema mwanamume. Kwenye benki, kituo cha polisi au mlango wa hospitali, karatasi hiyo inakutangaza kabla hujafungua kinywa. Cheti cha kuzaliwa ni kigumu zaidi: sheria ya usajili wa vizazi na vifo inaruhusu mzazi kubadilisha jina la mtoto ndani ya miaka miwili tangu kusajiliwa. Mtu mzima anabaki na cheti cha zamani, akikiambatanisha na hati yake maisha yote.

Kuhusu vyeti vya shule kuna uamuzi wa kuujua. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliagiza Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua, mwanamke wa trans, cheti kipya cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Hoja iliyobeba kesi ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: kanuni za mtihani hazikudai alama hiyo iwepo. Alama ya A- haiwi nzuri zaidi au mbaya zaidi kwa kujua mtahiniwa ni wa jinsia gani. Kesi ile ilihusu cheti cha mtu mmoja, kwa hiyo usitarajie dirishani wakubali mara moja. Andika barua, taja uamuzi, ambatanisha hati na Gazeti.

Katika kila barua taja pia Kifungu cha 27(4) cha Katiba ya 2010. Orodha yake ya misingi ya ubaguzi uliokatazwa ina kabila, dini, ulemavu, ujauzito, na hata mavazi. Imeanza na neno "ikiwemo", na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba orodha hiyo haijafungwa. Kifungu kinachomlinda msichana mjamzito asifukuzwe shule ndicho unachokishika wewe.

Ukilinganisha: Argentina tangu 2012 mtu mzima hubadilisha jina na jinsia kwa pamoja kwa tamko lake mwenyewe, bila hakimu wala daktari. Botswana haikuwa na sheria hiyo, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru mwanamume wa trans abadilishiwe alama ya jinsia. Kenya bado inakupeleka kwa dirisha moja moja.

Je, ungoje mpaka mstari wa jinsia nao uweze kubadilishwa? Hapana. Jina peke yake linaondoa maswali mengi ya kila siku. Chukua nakala tano za hati zilizothibitishwa, siyo mbili, kwa sababu benki na mwajiri huzibakiza. Hati halisi isitoke nyumbani ila pale ofisi inapotaka kuiona kwa macho, na uondoke nayo siku hiyo hiyo.