Kuzuia Barua Pepe Zinazojirudia: Message-ID au Heshi?
Unapohifadhi barua pepe kwenye hifadhidata, kuweka sharti la upekee kwenye safu ya Message-ID (kitambulisho ambacho barua hupewa inapotumwa) ndiyo njia nyepesi zaidi ya kuzuia nakala, kwani hifadhidata yenyewe hukataa nakala ya pili hata michakato miwili inapoandika kwa wakati mmoja. Hata hivyo, RFC 5322, kiwango cha muundo wa barua pepe cha mwaka 2008, hupendekeza kitambulisho hicho bila kukilazimisha, na zipo programu zinazokiacha. Heshi ya SHA-256, yaani alama fupi ya baiti 32 tu inayokokotolewa kutokana na barua yenyewe, haitegemei uangalifu wa mtumaji. Lakini ukiikokotoa pamoja na vichwa vya Received (mistari ya mwanzo wa barua inayoonyesha seva ilizopitia), ambavyo hutofautiana kulingana na njia iliyopitiwa, nakala ya barua ileile itaonekana ngeni, na ukibadilisha kanuni za usafishaji, yaani za kuondoa sehemu kama hizo kabla ya kukokotoa, utazikokotoa heshi zote upya, kazi inayochosha. Anayepokea kutoka seva moja inayoaminika atatosheka na kitambulisho. Anayeunganisha kumbukumbu za vyanzo vingi ataihitaji heshi.