Vipanya vitatu vya gemu visivyo na waya: nilivyovilinganisha hadi nikabaki na kimoja

Mwisho wa mchujo wangu mezani vilibaki vipanya vitatu: Logitech G305 ya mwaka 2018, Razer DeathAdder V3 Pro ya 2022 na Logitech G Pro X Superlight 2 ya 2023. Vyote vimetengenezwa kwa ajili ya gemu, vyote havina waya, na vyote nimevitumia kwenye kompyuta ileile, mkeka uleule na gemu zilezile, hasa zile za kulengana bunduki. Nimebaki na DeathAdder. Nalitanguliza hilo ili mwenye haraka apate jibu aende zake, ingawa sababu iliyonifanya nikichague inaweza kuwa ndiyo hiyohiyo ya wewe kukikwepa.

Sababu yenyewe ni umbo. Wauzaji wanapenda kuanza na kihisi (jicho la chini linalosoma mwendo wa kipanya), kasi na taa, lakini ukicheza saa kadhaa mfululizo kinachokusumbua ni kidole cha pete kisichojua kikae wapi. Kwa hiyo kabla ya kusoma takwimu yoyote kwenye boksi, chukua rula upime mkono wako, kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wangu unakaribia sentimita 20. Kisha jiangalie unavyoshika, usijipangie. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya. Wapo wanaokunja vidole kama kucha za mwewe, kiganja kikigusa nyuma tu. Na wapo wanaoshika kwa ncha za vidole huku kiganja kikining'inia hewani. Mimi ni wa kulaza kiganja, na nikichoka nalaza zaidi.

Sasa tazama vipimo. G305 ina urefu wa milimita 116.6, upana wa kama 62 na kimo cha 38. Superlight 2 ni 125 kwa 63.5 kwa 40. DeathAdder V3 Pro ni 128 kwa 68 kwa 44. Ukizisoma tu, milimita 4 za kimo hazikutishi. Ukizishika ndipo unapojua kuwa hizo 4 ndizo zinazoamua kama kiganja kimeegemea kitu au kimeachwa kikijishikilia chenyewe. Kwenye G305 kiganja changu kilikosa pa kutua, vidole vikabana zaidi kufidia, na mkono wa chini ukaanza kukaza. Superlight 2 ilinikaa vizuri lakini haikunijaza. DeathAdder ina nundu mahali ambapo kiganja changu kinaitafuta, na imeinama upande ili mkono usilale bapa kabisa. Hapo nikaacha kutafuta.

Mwenye mkono mdogo au anayeshika kwa ncha za vidole ataiona DeathAdder kama jiwe, na atakuwa sahihi. Halafu imeundwa kwa mkono wa kulia peke yake. Wenzetu wa mkono wa kushoto wanaonewa kwenye soko hili: hata Superlight 2, ambayo umbo lake ni sawa pande zote mbili, vitufe vyake vya pembeni vimewekwa upande wa kushoto tu, ambako kuna kidole gumba cha mtu wa mkono wa kulia. Kama huwezi kushika kipanya kabla ya kununua, linganisha vipimo vyake na vya kile ulicho nacho sasa na unachokijua kasoro zake. Hiyo inasaidia kuliko picha kumi za tangazo.

Tuje kwenye DPI. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna namba inayotembezwa kama hii. G305 inafika 12,000, DeathAdder 30,000, Superlight 2 ilitoka ikiwa na 32,000. DPI ni idadi ya hatua ambazo kihisi huripoti kipanya kinaposogea inchi moja, yaani sentimita 2.54. Piga hesabu: skrini yenye upana wa pikseli 1,920, kwa DPI 800 na mipangilio ya kawaida ya kompyuta, inavukwa kwa mwendo wa sentimita 6 hivi. Kwa DPI 32,000 unaivuka kwa milimita moja na nusu. Ukipiga chafya, kishale kimeshafika ukutani. Wachezaji wengi wa kulipwa kwenye gemu za bunduki hukaa 400 au 800, wengine 1,600. Mimi niko 800 na sijawahi kuona haja ya kupanda.

Cha kuuliza kuhusu kihisi ni mambo mengine. Je, kinapoteza njia ukizungusha mkono kwa nguvu? Je, kinaongeza ulaini wa bandia kwenye mwendo wako? Je, ukikiinua ili kukirudisha katikati ya mkeka, kishale kinaacha kusogea mara moja au kinaburutika? Jaribio langu ni rahisi: nafungua programu ya kuchora, nachora mistari ya mshazari polepole, kisha nakiinua kipanya na kukirudisha chini mara kwa mara huku nikitazama kishale. Vyote vitatu vilifaulu, hata G305 yenye umri mkubwa. Ndiyo maana kihisi hakikuwa na kura kwenye uamuzi wangu.

Kasi ya kuripoti, inayopimwa kwa Hz, inahitaji maelezo kidogo kwa sababu ina ukweli na chumvi kwa pamoja. Kipanya cha kawaida cha ofisini hutuma taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu hutuma mara 1,000, kila milisekunde 1. Hapo umeokoa hadi milisekunde 7, na tofauti hiyo niliihisi mkononi bila kuambiwa. Ukipanda hadi 8,000 unafika milisekunde 0.125, maana yake nyongeza yote uliyolipia haifiki hata milisekunde moja nzima. Wakati huohuo skrini ya 144 Hz hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 6.9 hivi. Kwenye skrini ya kasi zaidi kuna walau hoja ya kujadili. Kwenye yangu, hakuna.

Na kasi hiyo haiji bure. Kichakataji cha kompyuta kinapata kazi ya ziada, na betri inaliwa: Razer wenyewe wanasema Viper V3 Pro yao ya mwaka 2024 inakaa hadi saa 95 kwa 1,000 Hz, lakini ukiiweka 8,000 Hz inashuka hadi 17. Mimi nacheza kwa 1,000. Ukiona kipanya kimeandikwa saa za betri kwa herufi kubwa na Hz kwa herufi kubwa, jua kwamba huwezi kuwa na namba zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna watu bado wanaamini kuwa bila waya ni kuchelewa. Kwa vipanya vinavyotumia kipokezi chao cha USB cha 2.4 GHz, hofu hiyo imepitwa na wakati. Bluetooth ndiyo bado inachelewa, na inafaa kwa barua na majedwali kuliko gemu. Kati ya vitatu hivi hakuna chenye Bluetooth, na sikuisikitikia. Wanaolalamika kuwa kipanya kinaruka au kinakatika, mara nyingi tatizo ni mahali kipokezi kilipo. Wakikichomeka nyuma ya kompyuta, chini ya meza, jirani na diski ya nje ya USB 3.0, wanashangaa. Intel walichapisha waraka mwaka 2012 wakieleza jinsi USB 3.0 inavyotoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz, na Wi-Fi nayo iko humohumo. Nilipokuwa na kipokezi nyuma ya kasha la kompyuta, kishale kilikuwa kinasita kidogo mara mojamoja. Nilipokileta juu ya meza kwa waya wa nyongeza, karibu na mkeka, kusita kukaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo angalia kama boksi lina adapta ya kuunganisha kipokezi na waya wa kuchajia. Ni kitu kidogo ambacho tathmini nyingi hazikitaji.

Swichi za vitufe ndizo zilizonifanya niachane na kipanya changu cha awali, ambacho sitakitaja jina. Kilianza kubofya mara mbili nilipobofya mara moja. Ukivuta faili, linadondoka njiani. Ukilenga kwa kushikilia kitufe, lenzi inafunguka na kujifunga. Huo ni ugonjwa wa swichi za kawaida za kugusana chuma kwa chuma: chuma kikichakaa au kikishika kutu, mguso mmoja unarukaruka na kompyuta inauhesabu kama miwili. DeathAdder V3 Pro hutumia swichi za mwanga: ukibonyeza, mwale wa infraredi ndio unaotoa taarifa, hakuna chuma cha kurukaruka. Razer wanazipa mibofyo milioni 90. Superlight 2 ina swichi mseto, mwanga kwa ajili ya taarifa na sehemu ya kimakanika kwa ajili ya kuhisi mbofyo. Kwa sikio na kidole changu, mbofyo wa Superlight 2 ni mtamu kuliko wa DeathAdder, hilo nakubali bila kinyongo. G305 ina swichi za kimakanika, nami baada ya yaliyonipata naziangalia kwa jicho la pembeni ingawa hazijanikosea.

Uzito nao umepigiwa kelele sana. G305 ni gramu 99 pamoja na betri, DeathAdder 63, Superlight 2 ni 60. Kushuka kutoka 99 hadi 63 nilikuhisi begani, kwa kuwa nacheza kwa kasi ndogo ya kishale na nasogeza mkono mzima. Kutoka 63 hadi 60 sikuhisi chochote, na nina shaka na anayesema anahisi.

Programu za kampuni, G HUB kwa Logitech na Synapse kwa Razer, zote mbili ni nzito kwa kazi ndogo zinayoifanya. Nilipanga DPI, nikahifadhi kwenye kumbukumbu ya ndani ya kipanya, nikaifuta programu. Hakikisha tu kwamba kipanya unachokitaka kina kumbukumbu hiyo, la sivyo utaishi na programu milele.

Malalamiko yangu kwa DeathAdder ni mawili. Kitufe cha kubadilisha DPI kiko tumboni, kwa hiyo usitegemee kubadilisha katikati ya mchezo. Pili, kipokezi cha 4,000 Hz kiliuzwa kando na kipanya chenyewe, jambo ambalo halinigusi mimi lakini litamuudhi aliyesoma tangazo harakaharaka. Kuchaji ni kwa USB-C, na betri, ambayo Razer wanaipa hadi saa 90 kwa 1,000 Hz, naichomeka nikiwa nacheza pale taa inaponikumbusha. Waya wake ni laini, haunivuti mkono.

G305 nayo sijaitupa. Imehamia kwenye kompyuta mpakato, kwa sababu kipokezi chake kina kijumba ndani ya kipanya chini ya kifuniko, hakipotei ndani ya begi, na betri yake ni AA moja tu ambayo Logitech wanasema inafika saa 250. Haina tundu la kuchajia kabisa: betri ikiisha, unatia nyingine na kuendelea. Nimeiwekea AA ya lithiamu badala ya alkali, ikapungua kama gramu 8.