Kusajili hakimiliki URSB Kampala: inafaa, ila si kwa haraka

Huduma hii inatolewa na Idara ya Usajili ya Uganda, URSB, yenye ofisi katika jengo la Baskerville Avenue, Kololo. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda kazi tangu inapoandikwa au kurekodiwa, iwe imesajiliwa au la. Kinachotafutwa hapa ni cheti, yaani ushahidi wa kuonyesha siku mwenzio akidai wimbo ni wake.

Unajaza fomu, unaambatanisha nakala ya kazi na kitambulisho, unalipa ada. Kisha tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, na hapo ndipo subira inapohitajika: siku 60 za kusubiri pingamizi. Mwenye albamu inayotoka wiki ijayo aanze mapema. Kumsukuma karani hakupunguzi siku hata moja.

Maombi mengi huharibikia kwenye jina na umiliki. Ukijaza jina la jukwaani peke yake, halilingani na kitambulisho. Prodyuza aliyetengeneza biti naye ana lake la kusema, kwa hiyo mwandikiane na kutia sahihi kabla ya kupeleka fomu. Makubaliano ya mdomo studio hayasaidii, maana uhamishaji wa haki lazima uwe wa maandishi. Na usipeleke wazo tupu: sheria hailindi mawazo.

Ulinzi wenyewe ni mrefu, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mirabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumiwa na wengine, ni suala jingine, hiyo unafuatilia kwa chama cha kuikusanya kama UPRS.