MikroTik cAP ax kwa roboti na sensa: usinunue kwa sababu ya kasi ya kwenye boksi

Wauzaji wa cAP ax, AP (kifaa cha kusambaza waifai) ya MikroTik, hupenda kutaja namba mbili: Mbps 1200 kwenye masafa ya GHz 5 na Mbps 574 kwenye GHz 2.4. Anayetaka kuunganisha roboti za kubeba mizigo, skana na sensa za mashine asizihangaikie sana. Roboti hutuma mahali ilipo, hali ya betri na hatua ya safari iliyofikia, kisha inapokea amri. Mbps chache zinaitosha. Kinachoikwamisha ni mwanya, yaani ile nusu sekunde au sekunde nzima inayopotea inapoiacha AP moja na kushika nyingine. Tathmini hii inakipima kifaa kwa mwanya huo.

Kwanza chenyewe. Ni sahani nyeupe ya kufunga darini au ukutani, yenye prosesa ya ARM ya viini vinne, RAM ya GB 1, na redio mbili za Wi-Fi 6, kila moja ikiwa na mikondo miwili. Ina matundu mawili ya eithaneti ya gigabiti. Tundu la kwanza linapokea umeme wa PoE (unaopita kwenye waya wa mtandao) ya kawaida ya 802.3af/at, kwa hiyo swichi yoyote ya PoE iliyopo kazini itaiwasha bila adapta ya pembeni. Bei elekezi ya kiwandani ni dola 129, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa bei hiyo, kupata RouterOS, mfumo wa kuendesha wa MikroTik, nzima ndani ya AP ni neema, ingawa ni neema inayodai fundi anayeijua. Asiyeijua atazungushwa.

Tuchukue roboti inayofahamika, MiR250 ya Denmark: inabeba kilo 250, inakwenda hadi mita 2 kwa sekunde, na kimo chake ni sentimita 30 tu. Namba hizo zinasema mengi. Kwa mwendo huo inavuka eneo la mita 20 la AP moja ndani ya sekunde 10, kwa hiyo kuhama AP kwake ni jambo la kila wakati. Kimo nacho maana yake antena iko karibu na sakafu, imezibwa na mzigo wake yenyewe na miguu ya rafu. Simu uliyoshika kifuani ikionyesha nguvu ya -60 dBm (namba ikikaribia sifuri mawimbi ni bora zaidi), usidhani roboti inapata hiyo hiyo. Shusha kipimo chini ya goti ndipo upime, na utafute -67 au bora zaidi kila mahali roboti itakapopita, huku AP ya pili ikisikika pia.

Sasa kuhama kwenyewe. Kwa nywila ya kawaida ya WPA2, roboti na AP mpya hubadilishana jumbe nane kabla ya pakiti ya kwanza kupita: mbili za utambulisho, mbili za kujiunga, nne za funguo. Kwa 802.11r, kanuni ya kuhama haraka ambayo RouterOS huiita FT, jumbe zinabaki nne kwa sababu funguo zimeandaliwa mapema. Mtandao wako ukitumia seva ya RADIUS, inayothibitisha kila anayejiunga, tofauti ni kubwa zaidi, maana bila FT mazungumzo marefu na seva hurudiwa kwenye kila AP.

cAP ax inaifanya FT vizuri, kwa sharti moja ambalo wengi hulikosa: AP zote lazima ziwe chini ya RouterOS moja. Ukifunga AP sita, ukaiweka kila moja jina lile lile la mtandao na nywila ile ile, kisha ukawasha FT kwenye kila moja peke yake, hazitapeana funguo. Unahitaji CAPsMAN, kidhibiti cha MikroTik cha kuongoza AP nyingi, na kuanzia toleo 7.13 kidhibiti hicho kimo ndani ya RouterOS ya kawaida, hivyo hata rauta isiyo na waifai kama hEX inatosha kukiendesha. Kwenye kidhibiti:

/interface wifi capsman set enabled=yes interfaces=bridge
/interface wifi security add name=robo authentication-types=wpa2-psk passphrase=... ft=yes ft-over-ds=yes
/interface wifi channel add name=robo5 band=5ghz-ax width=20mhz frequency=5180,5200,5220,5240 skip-dfs-channels=all

Baada ya hapo unaunganisha viwili hivyo kwenye configuration moja, unaandika nchi uliyopo, na kuzigawia AP kupitia provisioning. Angalizo moja: CAPsMAN ya zamani, inayokuja na pakiti ya wireless, haiwezi kuongoza redio hizi. Ni mfumo mwingine kabisa, na mafundi wenye uzoefu wa AP za kale ndio hunaswa zaidi hapa. Ajali nyingine hutokea unapopandisha toleo kwa mkono hadi 7.13 au zaidi ukasahau pakiti ya wifi-qcom, yenye programu ya kuendesha redio. AP inawaka, taa zinapepesa, redio hazionekani. Weka pakiti zote mbili, ya RouterOS na hiyo, kwa pamoja, kisha washa upya. Kidhibiti kiwe kwenye UPS (betri ya akiba), maana kikizimika hata FT haina msimamizi.

Kwa nini upana wa MHz 20, na si 80? Kwa sababu Wi-Fi 6 ya mikondo miwili kwenye MHz 20 bado inafika Mbps 286, ziada tupu kwa roboti, na unapata chaneli nne safi (36, 40, 44 na 48) za kupanga AP zisigongane. Ukiweka MHz 80, nne hizo zinakuwa moja, na AP zote zinapigania hewa ile ile.

Chaneli za DFS, zile zinazoshirikiana na rada, ziachie kompyuta za ofisini. AP lazima isikilize kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuzitumia, na ikihisi rada wakati wowote inahama papo hapo na kuwaacha wateja wake njiani. Kuna sababu ya pili ambayo haisemwi sana. Kwenye chaneli hizo roboti hairuhusiwi kuuliza kwanza nani yupo. Inapaswa kukaa kimya ikisubiri tangazo la AP, ambalo hutoka kila milisekunde 102.4. Kwa utaratibu wa Ulaya chaneli za aina hiyo ni 15. Kuzipitia zote ni sekunde moja na nusu, na ndani ya muda huo roboti imekwenda mita tatu.

Ubora wa AP unaishia hapo. Anayeamua lini ahame ni mteja, si AP. Roboti nyingi za kiwandani hufungia mipangilio hii kwenye ukurasa wake wa usimamizi. Ukiwa na roboti inayoendeshwa na Linux ya kawaida, basi ni faili la wpa_supplicant, programu yake ya waifai:

key_mgmt=FT-PSK WPA-PSK
scan_freq=5180 5200 5220 5240
freq_list=5180 5200 5220 5240
bgscan="simple:3:-67:60"

Mstari wa mwisho unasema hivi: nguvu ikiwa juu ya -67 chungulia AP nyingine kila sekunde 60, ikishuka chini ya hapo, kila sekunde 3. Bila mstari huo, roboti inang'ang'ania AP ya mbali hadi mawasiliano yakatike kabisa, ndipo ianze kutafuta. Mistari miwili ya masafa inaizuia isipoteze muda kwenye chaneli ambazo hujaziweka. Kama mashine inatumia NetworkManager, kumbuka kwamba nayo ina bgscan (utafutaji wa chinichini) yake. Zima pia usingizi wa redio kwa iw dev wlan0 set power_save off.

Wapo wanaotaka kulazimisha uhamaji kutoka upande wa AP kwa kutumia access-list ya signal-range: mteja akishuka chini ya -75, afukuzwe. Kwa simu za wageni hotelini, sawa. Kwa roboti ni kosa. Kufukuzwa si kuhama. Roboti inaangushwa, inatafuta upya na kujiunga upya, na mwanya uliokuwa unaukimbia umejitengenezea mwenyewe. Afadhali upunguze nguvu ya AP hadi dBm 15 au 17 ili eneo lake liishie pale unapotaka.

Jinsi ya kupima: kwenye roboti fungua ping -D -O -i 0.2 kuelekea seva inayoziongoza, na pembeni yake iw event -t, inayoonyesha kila kuhama. Kwa mita 2 kwa sekunde, kila ping ni sentimita 40 za sakafu. Izungushe njia yote ikiwa na mzigo halisi, kwani roboti tupu inadanganya. Ping moja kupotea wakati iw inaonyesha AP mpya ni jambo la kuvumilika. Tatu au zaidi mfululizo, FT haifanyi kazi, au roboti imechelewa kuhama. Zikipotea bila tukio lolote la kuhama, tafuta kivuli cha rafu au chaneli yenye fujo.

Usidharau mwanya wa sekunde 0.7. TCP ya Linux, inayohakikisha data imefika, hurudia pakiti iliyopotea baada ya takriban sekunde 0.2, kisha inaongeza mara mbili: jaribio la pili liko kwenye 0.6, la tatu 1.4. Waifai imerudi kwenye 0.7, lakini programu inasubiri hadi 1.4. Roboti haigongi mtu kwa sababu hiyo, maana leza za usalama ziko ndani yake na hazitegemei mtandao. Ila itasimama kwenye makutano ikingoja ruhusa, na nyingine tatu zitapanga foleni nyuma yake.

Upande wa sensa, redio ya GHz 2.4 inatosha. Zitengenezee mtandao wake, WPA2 tupu, bila FT, kwa sababu vifaa vingi vya bei nafuu hukataa kujiunga vikiona tangazo la FT. ESP8266 na ESP32 ya kwanza, chipu za waifai za bei nafuu, hazina GHz 5 kabisa. Tumia chaneli 1, 6 na 11 pekee, na majina ya mitandao yawe machache, kwani kila jina lina tangazo lake. Tangazo la baiti 250 likitoka kwa Mbps 1 hula kama milisekunde 2.2. Majina matano kwenye AP moja ni karibu asilimia 11 ya hewa. AP tatu zinazosikiana kwenye chaneli moja, theluthi imekwisha kabla ya sensa kusema neno. ESP32 inayotumia umeme wa ukutani iwekewe esp_wifi_set_ps(WIFI_PS_NONE), la sivyo majibu yake yatasinzia kwa milisekunde mia na ushei.

Kama roboti zinatumia ROS 2 (programu ya kuendeshea roboti), washa multicast-enhance kwenye AP. Kawaida inakuja ikiwa imezimwa. Roboti za ROS 2 hutafutana kwa pakiti za multicast, za mmoja kwenda kwa wengi, ambazo hewani huenda kwa kasi ya chini na bila uthibitisho wa kupokelewa. Ikiwashwa, AP huzigeuza kuwa za mteja mmoja mmoja.

Mahali ambapo hatuipendekezi ni ghala la rafu ndefu chini ya paa la mita 10 au 12. Antena zake ziko ndani, hazibadilishiki, na hakuna tundu la kuchomeka nyingine. Zimetengenezwa kusambaza mawimbi pande zote kutoka dari la mita tatu au nne. Ukizipandisha kwenye kenchi za paa la bati, zitasikiana zenyewe kwa zenyewe vizuri mno juu ya rafu, wakati roboti chini kwenye ujia inapata mabaki. Kwa jengo hilo nunua AP yenye matundu ya antena za nje, ufunge antena za mwelekeo kwenye ncha za ujia zikitazama chini kwa pembe. Au, kama lazima iwe cAP ax, ifunge ukutani au kwenye nguzo kwa kimo cha mita tatu, uisogeze mbali na njia ya foklifti, na uongeze idadi.