Programu za Kugeuza Uhuishaji wa Kompyuta Kuwa Video: Ipi Inastahili Fedha Zako?

Anayetafuta programu ya kugeuza uhuishaji wake kuwa video bora hana budi kujua kwamba ubora mwingi hupotea mapema, pale kazi inapotolewa moja kwa moja kama MP4, faili la video lililobanwa ili liwe dogo. Toa kwanza kila fremu, yaani kila picha moja inayounda mwendo, kama faili la PNG, aina ya picha isiyopoteza ubora. Dakika moja, kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, huwa picha 1,500, na umeme ukikatika katikati utaendelea kutoka picha ya mwisho badala ya kuanza upya.

Hatua hiyo ikishakamilika, nafasi ya kwanza naipa FFmpeg, ambayo ni ya bure. Hutumiwa kwa kuandika amri, jambo linalowatisha wengi bila sababu, kwa kuwa amri moja ukishaihifadhi utaitumia katika kila kazi. Kwa x264, kodeki (njia ya kubana video) inayotoa video za H.264, kipimo cha ubora kiitwacho CRF huwa 23 usipokigusa; namba ikiwa ndogo, ubora huwa mkubwa. Kishushe hadi 18, na jicho la kawaida litapata shida kuitofautisha video na picha zako za asili, ingawa faili litakuwa kubwa zaidi. Mteja akitaka katuni isiyo na mandhari ya nyuma ili aiweke juu ya video nyingine, mtolee ProRes 4444, aina ya video inayohifadhi sehemu zinazopitisha mwanga, kwani MP4 ya kawaida ya H.264 haizihifadhi.

Asiyependa amri achukue DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Toleo la bure hutoa video ya hadi pikseli 3840 kwa 2160 na fremu 60 kwa sekunde, tena rangi na sauti hurekebishwa humo humo. Kwa wanaoanza, sioni sababu ya kununua Studio, toleo lake la kulipia. Mtumiaji wa mfumo endeshi wa Linux atambue tu kwamba huko toleo la bure halitoi H.264.

Adobe Media Encoder ni ya tatu kwa sababu ya gharama: huambatana na usajili wa programu kama Premiere Pro au After Effects, na malipo hayana mwisho. Aliye na usajili huo tayari hahitaji kununua nyingine.

HandBrake, nayo ya bure, hupunguza vizuri ukubwa wa video iliyokwisha kutengenezwa, ila haipokei mfululizo wa picha. Tovuti za kugeuza faili naziweka mwisho kabisa, kwani nyingi huibana kazi upya bila kukupa uamuzi juu ya kiwango cha ubora, na kazi ya mteja ambayo haijatoka hadharani haipaswi kupakiwa kwenye seva ya mtu usiyemjua.