Oky kwa vikundi vya wasichana Kisumu: hedhi inafundisha vizuri, kalenda yake si kinga

Oky ni programu ya simu ya bure inayofundisha kuhusu hedhi, iliyobuniwa na UNICEF kwa kushirikiana na wasichana wenyewe. Kwa anayeongoza kikundi Nyalenda au Kondele, uzuri wake mkubwa ni huu: ukishaipakua, intaneti haihitajiki tena. Ipakue mahali penye waifai kabla ya kikao, uzime data, na bando halitaguswa. Kabambe haiwezi; lazima iwe simu janja au kishikwambi.

Wasichana kadhaa hutumia simu moja, kila mmoja na akaunti na nenosiri lake. Hilo ni la maana katika nyumba ambazo simu ni ya mama na kaka naye huichezea kila jioni. Jina la kubuni linatosha. Pa kuangalia ni swali la siri, lile la kumrudisha aliyesahau nenosiri: wakijisajili wakiwa wamebanana kwenye benchi moja, wengi huweka jibu ambalo rafiki zao wote wanalijua, na siri imeishia hapo. Watawanye kwanza.

Maelezo ni mafupi, na chemsha bongo huwachokoza hata wale wa kukaa kimya. Watano kwa kishikwambi kimoja ndio mwisho. Wakizidi, wawili wanabonyeza na wengine wanapiga soga.

Shida huanzia kwenye kalenda, na hili halihusu Oky peke yake: programu za aina hii hukisia hedhi ijayo kwa kutazama zilizopita. Sasa msichana wa miaka 13 anaweza kuwa na mzunguko wa siku 24, unaofuata ukawa wa 41, na asiwe na tatizo lolote. Katika miaka ya mwanzo, kati ya siku 21 na 45 ni kawaida. Kalenda ikionyesha tarehe 10 na damu ije tarehe 22, ataingiwa na hofu bure. Mweleze mapema, kabla hajaanza kujaza tarehe.

Baya zaidi ni kuisoma kalenda hiyo kama orodha ya siku salama. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, na yai likipevuka mapema kuliko ilivyokisiwa, hesabu yote imeharibika. Virusi vya Ukimwi navyo havijali tarehe. Hapa weka kishikwambi chini uzungumze mwenyewe: kondomu, na PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hivyo, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 baada ya tukio la hatari. Andika ubaoni nambari mbili za bure, 1190 ya vijana ya shirika la afya la LVCT Health na 116 ya watoto.

Gredi ya 5 hadi ya 9 itawafaa sana. Wakubwa zaidi huimaliza haraka, kisha huanza kuuliza mambo ambayo hayamo. Na kama kikundi kina wavulana, tafuta kifaa kingine cha kuandamana nayo.